Mlango Nilioufunga Nikiwa Ndani

Wacha nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Hapa Kilifi tunatengeneza mfumo wa kuagiza lori la maji kwa simu. Tumeujenga vipande vipande, kama nyumba yenye vyumba: kipande cha kuingilia, cha kuagizia, cha kulipia. Kila kipande tunakibandika faili la masharti, linalosema nani aruhusiwe kupita.

Juzi nikajiona fundi wa mafundi. Niliandika sharti moja kali, kwamba ambaye hajaingia kwenye mfumo asipite popote, nikalibandika kwenye vipande vyote. Nikajaribu kwenye simu yangu, kila kitu sawa. Kifua mbele!

Adhuhuri wakaja akina mama wa kamati ya maji kutoka Ganze. Nikampa shikamoo mwenyekiti wao, Mama Kadzo, nikamwomba ajaribu. Akaandika neno lake la siri. Simu ikamjibu: "Ingia kwanza." Akarudia. "Ingia kwanza."

"Mwanangu, si ndiyo naingia?"

Nikalaumu mtandao. Nikalaumu kidole chake, Mungu anisamehe.

"Mama, tazama kwangu," nikasema. Nikatoka kwenye mfumo makusudi, nimwonyeshe watu wanavyoingia.

"Ingia kwanza."

Nikafungua faili la masharti. Sharti langu nililibandika hata kwenye kipande cha kuingilia, kwa hiyo ili uingie, lazima uwe umeshaingia! Mimi sikuliona kwa sababu nilikuwa ndani tangu asubuhi.

Mama Kadzo akasogea, akanipisha kwenye benchi.

"Karibu nje, mwanangu."