Kahawa ya Bibi Kokugonza

Mwanangu, tangu jana uliponiambia umepewa kazi ya kwenda kupima kama lile shirika la kilimo linawafaa watu wa Muleba, moyo wangu haujatulia. Nimefurahi, usinielewe vibaya. Lakini kazi hiyo niliwahi kuifanya nikiwa na umri kama wako, na nusura nimtoe bibi kizee kwake kwa kalamu tu. Keti hapo nikusimulie kabla hujafunga mizigo.

Ilikuwa miaka ile ya ugonjwa wa UKIMWI. Vita ya Amin ilikuwa imepita, tukadhani tumeshazika vya kutosha, kumbe bado. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha kilimo, binti wa Kashozi mwenye viatu vipya na maringo kidogo. Shirika moja likaniajiri nizunguke Kishanda, huko huko Muleba, nikikagua vibanja. Kibanja kwetu ndiyo maisha ya mtu: nyumba imo humo, migomba na mibuni imo humo, na makaburi humo humo. Shirika lilifundisha watu kutandaza majani na kutengeneza samadi badala ya kungojea mbolea ya dukani. Mafundisho mazuri, hata leo nayasifu. Kazi yangu ilikuwa kuandika hali ya kila kibanja: kinatunzwa, kinahitaji msaada, au kimetelekezwa.

Kwa Bibi Kokugonza nilifika jua likiwa kali, nikiwa bado na nyumba nyingi mbele yangu. Kutoka njiani niliona magugu yamefika magotini, migomba imeanguka na mikungu michanga, ardhi iko wazi kabisa. Daftari la mafunzo lilionyesha hajahudhuria hata mara moja. Akatoka mwenyewe, akanisalimia kwa heshima ya kwetu, akanipa kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye jani kavu la mgomba.

"Karibu ndani, waitu. Kaa kidogo."

Unajua kwetu ukipewa kahawa maana yake nini. Unakaa, unatafuna, mnazungumza. Mimi nikashukuru, nikaitia kwenye mkoba, nikasema nitarudi siku nyingine. Hatua chache tu kutoka pale nikaandika: kimetelekezwa.

Orodha ile tuliibandika kwenye mlango wa ghala la kijiji, ili kila mtu ajue nani atapewa miche. Wiki mbili baadaye, nikiwa stendi ya Muleba, mama mmoja jirani yake Bibi akanishika mkono. Akaniambia kwamba Ishengoma, shemeji wa Bibi, ameibandua orodha ikiwa na muhuri wa shirika, na Jumapili ataisoma kwenye kikao cha ukoo. Anadai mjane ameshindwa kutunza shamba la marehemu kaka yake. Basi arudi kwao, na kibanja kirudi kwa ukoo.

"Na wale wajukuu wanne ataenda nao wapi?" akaniuliza.

Ndipo nilipojua kwamba kuna wajukuu. Nikaenda kwa mkuu wetu wa kazi kumwomba tufute neno lile, naye hata kalamu hakuiweka chini.

"Taarifa imeshakwenda kwa wafadhili. Ukibadilisha moja, watazihoji na nyingine. Achana na mambo ya koo za watu."

Siku tatu nikakaa bila kwenda. Nilijiambia wazee hawatanisikiliza, nikajiambia nitafukuzwa kazi na mama yangu ananitegemea mimi. Nilitafuta kila sababu ya kutokwenda, mwanangu, sikufichi. Jumapili nikaenda.

Wazee walikuwa wameketi mbele ya nyumba ya Bibi. Yeye alikaa chini pembeni, mjukuu mdogo mapajani, hatazami mtu. Ishengoma alikuwa amesimama na karatasi yangu. Nikaomba kusema.

"Binti, mwandiko huu ni wa nani?" akaniuliza.

"Ni wangu, waitu."

"Basi keti. Umeshasema."

Wakacheka. Nikafungua mkoba kutafuta kitambaa nifute jasho, mkono ukagusa jani kavu. Ile kahawa! Nikaitoa, bado imefungwa vile vile kama nilivyopewa.

"Hii nilipewa siku niliyoandika," nikasema. "Sikuitafuna. Sikuingia ndani."

Mkubwa wa ukoo, mzee mmoja mfupi wa maneno machache, akaipokea akaigeuza mkononi.

"Kwa hiyo hukufika hapa," akasema. "Ulipita tu."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Lakini yeye akainuka, akawaambia wenzake waende wakajionee wenyewe.

Nyuma ya jiko tulikuta migomba michache imetandazwa majani mpaka udongo hauonekani, maharage katikati yake, na makaburi matatu yamepaliwa vizuri. Waliozikwa hapo walikuwa wanawe, ndio waliokuwa wakikata majani mbugani na kuyaleta kwa vichwa. Nguvu za bibi na watoto wadogo ziliishia hapo. Na mafunzo yetu yalikuwa asubuhi, wakati yeye yuko hospitali ya Rubya akimuuguza binti yake wa mwisho. Hakuna kati yetu aliyewahi kuuliza. Tulihesabu waliokuja, na waliozidiwa na msiba fomu yetu haikuwa na nafasi yao.

Wazee waliamua Bibi abaki. Lakini sehemu ya chini, ile yenye magugu, walimpa Ishengoma aitunze kwa muda. Magugu yalikuwepo kweli, na hapo karatasi yangu ilisema kweli. Muda huo haujaisha mpaka leo. Wajukuu wamekuwa watu wazima, na kila nikipita pale naiona mibuni ambayo ingekuwa yao, naumia upya. Na kazi yenyewe sikumaliza nayo mwezi, nilifukuzwa kama nilivyohofia.

Watu walipotawanyika, Bibi alinipa kahawa nyingine. "Leo kaa," akasema. Nikakaa, nikatafuna, akanitajia wanawe mmoja mmoja kwa majina.

Basi, mwanangu, ukifika huko usilipime shirika kwa vibanja vya kando ya njia, wala kwa wingi wa waliokuja kwenye mafunzo. Uliza nani hakuja, na kwa nini, kisha nenda kwake. Kabla ya kuandika neno juu ya mtu, fikiri nani mwingine atalisoma na atalifanyia nini. Na ukigundua umekosea, rudi siku hiyo hiyo, usikae kuhesabu hofu kama mimi.

Mungu akutangulie, akupe macho ya kufika nyuma ya jiko, na kila mlango utakaopigia hodi ukupokee kwa heri. Na ukipewa kahawa, mwanangu, kaa uitafune.