Barafu ya Nyota Nyekundu

Aliyeninyima shule ni baba, na aliyefaidi ni ndugu yangu. Mimi nilitolewa darasa la pili niwe nateka maji, yeye akaendelea.

Likizo moja alirudi nyumbani Gesima, baba akampa kiti chake mwenyewe. Jioni alitutoa wote nje akatuonyesha nyota nyekundu.

"Ile ni Mirihi. Kichwani ina barafu, maji yaliyoganda."

Barafu sisi tuliijua kwa mvua ya mawe, ile inayopiga wimbi shambani likabaki mabua matupu. Mama akauliza kwa huruma, "Sasa wimbi la watu wa huko linaponaje?"

Ndugu yangu akacheka. Nikamwambia, "Mimi mvua ya mawe ilinipasua kichwa nikiokoa wimbi letu. Wewe barafu umeigusa wapi?"

"Dada, haya ni mambo ya vitabu."

Baba akanikatiza. "Mwache mwenzako aongee. Maji yake ya kuoga yako wapi?"

Nikashuka chemchemini. Nikipanda na mtungi niliiona tena ile nyota, nikaionea wivu kuliko hata nilivyomwonea ndugu yangu. Ilikuwa na maji kichwani kama mimi, lakini yenyewe watu walitoka nje kuitazama.