Gari Jekundu la Flavia

Mume wangu Anwar ni fundi wa magari hapa Moshi, na ni fundi kweli, hilo simnyimi. Gari likipita tu barabarani anakwambia linaumwa wapi kabla dereva hajasimama. Alianza kushika spana hajaota ndevu, na mpaka leo gereji yake ni uwanja ule ule wa vumbi nyuma ya nyumba yetu, na mimi ndiye ninayempelekea chai ya saa nne. Sasa mtu wa namna hiyo ashindwe na gari moja la kutoka Kibosho, huko mlimani? Thubutu!

Gari lenyewe jekundu, la Flavia. Ana duka la chakula cha mifugo huko juu, bado kijana, anacheka kwa sauti, na kila akishuka na bodaboda kuulizia gari lake anamletea fundi mkungu wa ndizi. Tumekula ndizi mpaka mwanangu Rukaiya ananiuliza kama mchele umeadimika. Na Anwar, ambaye mimi nimemzoea na grisi zake mwaka mzima, siku hizi anakwenda gereji na shati la pasi. Nani anapiga hiyo pasi? Mimi! Roho iliniuma, nasema kweli. Niliona mume anachukuliwa mchana kweupe, na pasi ninaishika mwenyewe.

Gari lilikuja na oili ndani ya maji ya rejeta. Anwar akatikisa kichwa mbele ya Flavia. "Gasketi ya hedi imeungua. Lazima tufungue injini." Akafungua, akafunga. Maji yakachafuka tena. "Tutafungua tena," akasema.

"Haya fundi, nitakuja kesho kuangalia."

Kesho! Kwani gari ni mgonjwa wa kuletewa uji? Kesho yake nikangoja Anwar aende kuswali adhuhuri, nikaliendea gari mwenyewe. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili ya injini, nikakifuta kwa upindo wa khanga, nikakichovya tena. Oili safi, haina maji hata kidogo. Nikachomoa cha gia. Lo! Uji wa pinki. Nikafungua rejeta, pinki ile ile.

Oili ya gia ni nyekundu, na kwenye gari la otomatiki kama lile hupozwa kwa kupita ndani ya kibomba kilichomo kwenye rejeta. Kibomba kikitoboka, oili na maji vinakutana. Na cha Flavia kilitobolewa na kutu, maana watu wa huko juu hujaza rejeta maji ya mfongo, ule mfereji wa mashambani, eti yanapoza vizuri kwa kuwa yanatoka mlimani. Injini ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza. Na Anwar alijua. Aliyenifundisha kuchomoa kijiti kabla ya kugusa spana ni yeye.

Flavia akatokea na mkungu wake. Anwar naye huyo anarudi msikitini, meno yote nje.

"Dada Flavia," nikasema, "injini yako haiumwi. Weka rejeta mpya, gia isafishwe, uondoke na gari lako. Na maji ya mfongo uache."

"Mama Rukaiya, mambo ya gereji..." Anwar akaanza.

"Nyamaza wewe! Chomoa kijiti mbele yake aone."

Hakuchomoa.

Flavia akamtazama yeye, kisha mimi. Kicheko kilikuwa kimemwisha. "Lakini mama, wewe umejuaje?"

"Gari la baba yangu lilikaa hapa hapa mwezi mzima kwa ugonjwa huu huu," nikamwambia. "Injini ikafunguliwa, ikafungwa, ikafunguliwa. Mimi ndiye niliyekuwa natumwa kuja kuliulizia. Siku lilipotoka, nilikuwa nimeshachumbiwa."