Mistari ya Matete kule Lweba

Kabla ya vita nilikuwa agronome, mtaalamu wa kilimo wa serikali, katika Fizi, mwanamke pekee katika bureau, ofisi yetu ya mjini Baraka. Kazi yangu ilikuwa kuwasaidia wenye mashamba ya mlimani wasipoteze udongo. Nilitembea na miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, jiwe likining'inia kwa kamba. Kamba ikitulia katikati, nilijua miguu yote miwili iko usawa mmoja, nikapiga kigingi. Hivyo mstari ulikatiza mlima, na juu yake tulipanda matete ya kuzuia maji.

Lweba kulikuwa na mama mmoja mjane mwenye shamba la muhogo lililoteremka hadi karibu na ziwa. Alinikatalia misimu miwili.

"Mutoto wangu, mi nakulaka muhogo, si matete," aliniambia.

Msimu wa tatu mvua ilibeba kipande kizima cha shamba lake, mizizi ikabaki nje. Akaniita. Kwa siku tatu tulipima pamoja, yeye akishika mguu mmoja wa kipimo, mimi mwingine. Mara nyingi alionyesha kwa kidole maji yatapita wapi kabla kamba haijatulia, na hakukosea.

Matete yalikuwa yamefika kiunoni vita ilipoingia. Tulivuka ziwa, kila mtu kwa mtumbwi alioupata. Miezi kadhaa baadaye nilimkuta katika kambi moja upande wa Tanzania. Pale tulikuwa na nafasi ya kupanda lengalenga tu, mchicha wa kwetu, mbele ya mlango. Alikuwa akija kukaa kwangu, na tulizungumzia shamba lake kama mtu anavyozungumzia ndugu aliyebaki nyumbani.

"Ule mustari wa tatu, bado iko nashika?"

"Iko nashika, Mama."

Sikujua lolote. Kwa miaka nilimjibu hivyo hivyo, na kila mara uso wake ulitulia kidogo.

Mimi nilitangulia kurudi. Yeye miguu ilikuwa imeishiwa nguvu. Shambani kwake nilikuta familia iliyokimbia kutoka vijiji vya ndani, ikiishi na kulima pale. Mistari miwili ilikuwa imesimama. Wa tatu ulikuwa umeng'olewa, na mahali pake maji yalikuwa yamechimba mfereji wa kumfikia mtu magotini.

"Umekuja kutufukuza?" mama wa nyumba aliniuliza.

"Hapana. Nimekuja kuangalia."

Nilimweleza matete yale yalikuwa ya kazi gani. Kesho yake tulikata vipande kutoka mistari ya juu, tukaupanda upya ule wa tatu. Nikamtumia mwenye shamba habari, safari hii ya kweli, kupitia mtu aliyekuwa anavuka.

Jibu lilikuja msimu wa mvua ukiisha: "Waache balime. Ila kiangazi ikifika, basikate matete yote."

Hakuvuka tena. Alizikwa kule ng'ambo, mahali pa tambarare. Sasa nikipita Lweba hushuka kwenye pikipiki, nikapanda hadi mstari wa tatu, na hushindwa kuondoka haraka.