Mkata miwa aliyejiandaa kufa, akasahau kuugua

Saa moja asubuhi, umande haujakauka Mayoni, na Phanuel Wanzala amekwisha kumaliza mstari wake wa kwanza. Anainama, anashika muwa, panga linashuka mara moja chini na mara moja juu kuondoa kilele, kisha muwa unatua kwenye rundo. Mguu wake wa kushoto umefungwa kipande cha tairi kuukuu, kutoka kifundoni hadi gotini. Wenzake wanamcheka. Yeye hana habari nao.

"Wacha wacheke," anasema, akijifuta jasho kwa mkono wa shati. "Mguu ni wangu, na njaa yake nilikula mimi."

Phanuel, mwenye umri wa miaka 46, amekata miwa kwa miaka 22 katika mashamba ya Matungu, Kaunti ya Kakamega. Hulipwa Sh250 kwa tani, na siku ya nguvu hufikisha tani mbili. Kwa ujira huo anamtunza mkewe Phoebe, watoto wao wawili walio shuleni, na mama yake mzazi, Navalayo, mwenye miaka 79.

Ni mtu mcheshi, wa maneno mengi, na kwa muda mrefu alijiona ana busara kupita majirani. Wao hawakuwa na kinga yoyote. Yeye alikuwa nazo nne, zote za mazishi.

Kulikuwa na kikundi cha ukoo, cha kanisa, cha wakata miwa na cha majirani. Kila mwezi alitoa Sh1,100 kwa vyote. Angekufa, angepata jeneza, tenti tatu, viti mia mbili, gari la kubeba mwili na ng'ombe wa kulisha waombolezaji.

"Huku kwetu mtu akizikwa vibaya, watoto wake wanachekwanga mpaka wazeeke," anaeleza. "Mimi nilikuwa najua nikifa nitakuwa tajiri."

Kumbe mtu anaweza pia kuumia na asife.

Machi mwaka jana, panga liliteleza kwenye muwa uliolowa, likamchana muundi hadi mfupani. Alilala nyumbani wiki kumi na moja. Bima ya afya alikuwa ameiacha ikakatika, kwa sababu mchango wa ukoo ulikuwa umepanda. Phoebe, anayeuza mboga sokoni, aliuza cherehani yake kulipa hospitali, kisha akazunguka kwa wenyeviti wote wanne kuomba msaada.

"Walinikaribisha vizuri, wakanipa chai," anakumbuka. "Mmoja akafungua katiba, akaniambia polepole, 'Mama Bravin, hapa inasema mwanachama awe amekufa. Baba Bravin bado ako.'"

Anacheka akisimulia, lakini siku ile hakucheka. Watoto walikuwa wakila obusuma, yaani ugali, mara moja kwa siku. Wiki ya saba jirani alifariki, na Phanuel akajikokota kwa magongo hadi matangani.

"Nilikaa chini ya tenti ambayo nimelipia miaka tisa," anasema. "Nikala nyama nikashiba, mara ya kwanza tangu niumie. Nikaona haya sana."

Alipopona, Phoebe alimketisha akamuuliza swali moja tu: ukilala tena miezi mitatu, tutakula nini? Hakungoja jibu. Nyumba yao hula Sh320 kwa siku, na siku tisini ni Sh28,800. Hicho ndicho kimo cha akiba yao, akasema, na hawana haja ya kujitesa kutafuta zaidi. Bima ya afya ilipwe kwanza, ya mwaka mzima. Kikundi kimoja cha mazishi kibaki, kile cha kanisa, kinachonunua jeneza na kulipia gari. Vile vitatu watoke.

Hapo maji yakazidi unga. Kikundi cha ukoo ndicho kilichokuwa ghali kuliko vyote, Sh500 kwa mwezi, na ndicho kilichotoa ng'ombe mzazi wa mwanachama anapofariki. Kutoka humo ni kutangaza mbele ya watu kwamba Navalayo atazikwa bila ng'ombe. Phanuel alitembea na neno hilo kifuani miezi miwili.

"Nikimwona Mama, nakimbilia shambani," anakiri. "Ningemwambiaje?"

Jumamosi moja kikundi kilikutana nyumbani kwake. Zamu yake ya kusema ilipofika, akazungumzia mvua na bei ya miwa. Phoebe naye hakuweza kumsaidia, maana si adabu mke kuongoza mazungumzo ya mazishi ya mama mkwe. Ndipo Navalayo, aliyekuwa mlangoni akichambua maharagwe, akaweka ungo chini. Nyumba ya udongo haina siri, na yeye alikuwa ameyasikia yote tangu mwanzo.

"Huyu mtoto ananiogopa mimi," aliwaambia wazee. "Mtoeni. Hiyo ng'ombe yangu mtakula nyinyi, mimi sitakuwako. Lakini huyu akianguka tena, mimi nitakula kwa nani? Kwenu?"

Mwenyekiti akachukua kalamu, akalikata jina la Phanuel. Phanuel alilia pale pale mbele ya wazee, na hata leo hafichi.

Sasa bima ya afya iko hai, na akiba imefika Sh21,000. Anatumaini kuijaza kabla ya Desemba. Wakata miwa wawili wamekwenda kwa Phoebe kutafuta ushauri. Akawauliza nyumba zao hula shilingi ngapi kwa siku, wakatazamana. Amewarudisha wakaulize wake zao.

Phanuel ana mpango mmoja zaidi, na huu hauna bima ndani yake. Krismasi atachinja jogoo. Kwa desturi yao firigisi, wanayoiita imondo, ni ya mwenye nyumba, na tangu aoe hakuna mwingine aliyewahi kuionja.

"Mwaka huu imondo ni ya Mama," anasema, akishika muwa mwingine. "Ng'ombe yake sitaweza. Basi hii aile nikimwona."