Mdhamini wa Balozi

Watu wengi hupewa ubalozi wakiwa na mvi. Yeye aliupata akiwa ameshika kopo la dawa ya nywele, siku alipowaambia wateja wa saluni kwamba chuoni anasomea uhusiano wa kimataifa. "Kumbe tuna balozi humu!" mmoja alipiga kelele akiwa ndani ya draya, na tangu hapo jina lake halisi likabaki kwenye vyeti tu. Wateja wakaanza kumuuliza mambo ya viza. Mmoja alitaka amsemee kwa shirika la ndege lililompotezea begi. Balozi alieleza kwamba yeye ni mwanafunzi tu. Wote walimwelewa, kisha wakaendelea kuuliza.

Saluni ilikuwa ya Mamkubwa. Mamkubwa hakuwa ndugu yake wa damu, alikuwa rafiki wa mama yake tangu wote wawili wakivaa sare za shule. Alimbeba Balozi kabla hajafumbua macho vizuri, akamchapa kila alipostahili, na alipoingia sekondari akampa kazi ya Jumamosi na ya likizo: kuosha vichwa, kupokea simu, kupanga zamu za wateja na kuwapatanisha zamu zilipogongana. Zamu ziligongana mara nyingi, kwa sababu Mamkubwa hakuwahi kumwambia mteja hapana.

Alipomaliza shahada ya kwanza, Balozi hakutaka kupumzika. Kulikuwa na ufadhili wa shahada ya uzamili katika fani yake, kwa waliohitimu mwaka huohuo tu. Ukichelewa, kwaheri. Ufadhili wenyewe ulipitia vyuo viwili, na ukikubaliwa na kimoja umemaliza. Vikimkataa vyote viwili, nyumbani hapakuwa na uwezo wa kumpeleka popote. Akaenda kwa mshauri wa wanafunzi, mwanamume mpole mwenye feni ya mezani iliyompulizia yeye peke yake.

"Hizi kozi zinapenda watu waliokwisha kufanya kazi," mshauri alisema. "Nenda kafanye kazi kwanza, halafu ndio uombe."

"Kazi wapi?"

"Wizarani. Au kwenye haya mashirika."

"Niliomba. Wanataka mtu mwenye uzamili."

Mshauri aliisogeza feni yake karibu zaidi. "Basi omba," alisema.

Maombi yalitaka barua za wahadhiri, akazipata. Yakataka pia jina la msimamizi wa kazi asiye ndugu, ambaye chuo kingempigia simu. Balozi alifikiri. Kwa damu, Mamkubwa hakuwa ndugu. Kwa kipimo kingine chochote alikuwa ndugu kuliko ndugu, lakini hakuna aliyeuliza hivyo vipimo vingine. Akaandika jina la Mamkubwa, na mahali pa cheo akaandika "Mkurugenzi". Mamkubwa alipoambiwa aliguna tu, kisha akahamishia kiti chake karibu na dirisha, ambako mtandao haukatikikatiki.

Simu ya chuo cha kwanza iliingia asubuhi, Mamkubwa akiwa na glavu zilizojaa rangi, na kichwa cha mwalimu wa chekechea, mteja wake wa siku zote, kikiwa nusu cheusi nusu bado. Rangi haina subira. "Nishikie," aliamuru. Balozi akaichukua simu, akamwekea sikioni, akabaki hapo wakitazamana, pua kwa pua. Sauti ya mwanamke wa chuo ilisikika vizuri mpaka kwake. Iliuliza kama binti huyu ni mchapakazi.

Hapa inabidi tumtetee Mamkubwa kidogo. Alilelewa na watu ambao hawakumsifu mtoto usoni pake, maana angevimba kichwa, na hawakumsifu mtoto wao kwa mgeni, maana mgeni angesema watu hawa wanajisikia. Sasa mgeni alikuwa kwenye simu, na mtoto ndiye aliyeishika simu yenyewe.

"Anajitahidi," alisema Mamkubwa.

Je, anaweza kuongoza wenzake?

"Huyu? Bado mtoto."

Na kutatua migogoro?

"Tunamvumilia hivyohivyo. Atakua tu."

Kuna lolote ambalo angependa kuongeza?

"Mkimchukua mtakuwa mmetusaidia," Mamkubwa alisema kwa adabu zake zote, "maana hapa anatujazia nafasi."

Aliashiria kwa kidevu simu ikatwe, akarudi kwenye rangi akiwa ameridhika kabisa. Hakujigamba, hakutia chumvi. "Watu wastaarabu wale," alisema. Balozi alikwenda kwenye sinki, akafungulia maji kwa nguvu na kufua taulo zilizokuwa safi. Tusizunguke: aliumia. Aliumia vibaya sana, na kama hakulia ni kwa sababu mwalimu wa chekechea alikuwa akimtazama kupitia kioo.

Baada ya muda chuo kile kiliandika kwamba kilipokea maombi mengi mazuri. "Wameandika kwa heshima," alisema mama yake walipokuwa wakiusoma ujumbe pamoja nyumbani, "lakini hii ni hapana." Kesho yake Mamkubwa akataka kujua sababu. Balozi angeweza kumwambia. Aliutazama uso ule uliomsubiri kwa wasiwasi wa kweli, akasema nafasi zilikuwa zimejaa.

"Wajinga," alisema Mamkubwa. "Na mimi nilivyowaeleza vizuri!"

Katika muda wote aliosomea diplomasia, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza ya kidiplomasia, na aliifanya bila kupepesa jicho.

Kilibaki chuo kimoja. Balozi aliwaza kubadilisha mdhamini, lakini hakuna mwingine aliyewahi kumsimamia kazi. Akawaza kumfundisha Mamkubwa la kusema, akashindwa hata kuanza. Utamwambiaje mtu mzima aliyekulea, "Mamkubwa, naomba unisifu"?

Siku moja alitumwa kununua nywele za kusukia. Akakuta duka limefungwa, akarudi mapema, na kabla hajavuka pazia la mlangoni akasikia sauti ya Mamkubwa ikisimulia.

"Kila mmoja anadai kiti ni chake! Mmoja ameshashika kitana, nimeona leo mtu ataumia. Mimi nikajificha stoo. Mimi, mwenye saluni! Huyu mtoto akawakalisha, akawauliza kwa upole kila mmoja anawahi wapi. Kumbe wote wanakwenda harusi ileile. Mmoja akamtia kwenye draya, mwenzake akamwosha, wakapishana kwenye kiti hadi mwisho. Wameondoka na gari moja, wanacheka! Akiondoka huyu, mwenzangu, hii saluni mimi sijui."

"Umeshamwambia mwenyewe?" Hiyo ilikuwa sauti ya mwalimu wa chekechea.

"Nimwambie ili iweje? Avimbe kichwa?"

Nyuma ya pazia Balozi machozi yalimlengalenga. Halafu, kwa kuwa alikuwa amesoma, akaichambua hali ilivyo. Tatizo halikuwa Mamkubwa. Tatizo lilikuwa yeye mwenyewe kuwepo chumbani. Akarudi nyuma kimyakimya, akaja tena akiburuta viatu, na akalaumu duka kwa sauti kubwa.

Chuo cha pili kilikuwa na ustaarabu wa kutaja mapema saa ya kupiga. Kwa kuwa zamu alizipanga yeye, Balozi alihakikisha asubuhi hiyo hakuna kichwa cha rangi. Simu ilipoita, alimkabidhi Mamkubwa, ambaye safari hii mikono yake ilikuwa mikavu, akasema anakwenda kutupa takataka.

"Zilitupwa jana."

"Kuna nyingine."

Alivuka barabara, akasimama kwa muuza viatu akijifanya anachagua kandambili. Kupitia dirisha la saluni alimwona Mamkubwa amekaa wima, kama anayepigwa picha ya kitambulisho, akijibu neno mojamoja. Kisha Mamkubwa akatazama mlangoni. Akatazama sinki. Akainuka. Mkono ulioshika kitana ukaanza kwenda hewani, na Balozi akaifuata habari yote kwa mikono tu: wanawake wawili, kiti kimoja, draya. Mamkubwa aliingia hadi stoo na kutoka tena, akionyesha alivyojificha, ingawa wa upande wa pili hakuweza kumwona. Halafu akakaa, akaongea taratibu kwa muda mrefu, akavuta taulo la wateja akajifuta uso.

"Dada, unachukua au unaangalia?" aliuliza muuza viatu.

"Naangalia," alisema Balozi.

Aliporudi, kitana kilikuwa mezani na Mamkubwa alikuwa akipanga rola ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Wamesemaje?"

"Wameuliza, nimejibu. Osha hiyo sinki."

Jibu lilifika wakati Balozi akimwosha mwalimu wa chekechea. Akajifuta mikono, akafungua simu. Amekubaliwa, na ufadhili amepata. Chini kabisa, aliyempigia Mamkubwa alikuwa ameongeza maneno yake mwenyewe: mazungumzo na Mkurugenzi yalipita sana muda uliopangwa, na Mkurugenzi aliwaomba wasimweleze mwombaji hata neno moja kati ya aliyoyasema. Wangeliheshimu ombi hilo.

Balozi alisoma sehemu ya juu kwa sauti. Sehemu ya chini aliisoma kimya, akairudia, akaiweka simu mfukoni. Mwalimu wa chekechea alishangilia povu likimwingia machoni. Mamkubwa alikuwa amewapa mgongo, akimhudumia mteja mwingine.

"Kwa hiyo wamekukubali?"

"Wamenikubali, Mamkubwa."

"Basi wamekosa watu," alisema Mamkubwa bila kugeuka, na akaendelea kufumua nywele, msuko baada ya msuko, mpaka mteja akamkumbusha kwamba yeye alikuja kurekebishiwa mmoja tu wa mbele.