Springi Ndefu na Mama Mkwe

Mjinga wa kwanza mtaani kwetu Ibadakuli ni mimi, nawaambia mapema ili msihangaike kumtafuta mwingine, maana ni mimi niliyefunga springi za mbele za gari langu kwa mikono yangu mwenyewe, uani, nikiwa na kaptula na kiburi, na springi zenyewe zilikuwa za gari kubwa.

Mke wangu alikuwa amejifungua kwa upasuaji na mama yake alikuwa anakuja kutoka Kahama kumuuguza. Mama huyo hajawahi kunikubali (anasema mwanaume anayeshinda nyumbani ni kuku anayeatamia), na alishatuma neno kwamba akikuta mambo ya hovyo anamchukua binti yake na mjukuu wake Minza, arobaini wakaimalizie kwake. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kumpokea stendi kwa heshima. Gari nalo lilikuwa limeinamia mbele, linajigonga kila tuta. Mwenye akili angeenda gereji, lakini mafundi wanaongea sana, na kwangu kuvuka geti ni safari. Nikaishia kwa muuza spea za mtumba aliye mkabala na geti letu, akanitolea springi za saizi yangu, nikaziona nyembamba, nikashika zile nene.

"Hizo za gari kubwa, bosi. Ni ndefu."

"Ndefu ndiyo nataka."

(Alinitazama kwa huruma, mimi nikadhani ni heshima.)

Kuzifunga ilikuwa vita. Moja ilifyatuka ikapasua ndoo ya mke wangu, ingekuwa kichwa changu hasara ingekuwa ndogo, lakini mwishowe zikaingia kwa lazima, kama mguu wa mtu mzima kwenye kiatu cha mtoto. Niliposhusha jeki, gari halikushuka. Pua juu, makalio chini. Nikajiambia litakaa sawa likitembea.

Stendi, mama mkwe (mwili wake si haba) akakaa kiti cha nyuma, maana ubavuni kwangu asingekaa, gunia lake la mchele likaenda kwenye buti, gari likazidi kuchuchumaa. Njia nzima naona anga kuliko lami. Bodaboda mmoja akapunguza mwendo dirishani: "Mzee, uwanja wa ndege umeshaupita." Nyuma mkwe akasonya.

Nyumbani nikafungua mlango, mama hatoki. Kila akijivuta kiti kinamrudisha, magoti juu, kilemba kimemfunika jicho, na mimi nimesimama mikono nyuma kama mlinzi wa benki, kwa sababu kwetu Wasukuma mkwe haguswi. Mke wangu akatoka ameshika mshono, hawezi kuvuta hata pazia. Wapita njia wakasimama kutazama. Ndipo jirani yetu, Mama Kulwa, akaja akiwa na unga mikononi, akamshika mama mkwe akamng'oa kama muhogo.

Mama mkwe akajifunga kitenge upya, hakunitazama. Akamwambia mke wangu, "Fungasha nguo za mtoto. Arobaini mtaimalizia kwangu."

Walipoondoka kwa bajaji nilikaa kizingitini, nikaapa sitashika tena spana hata ya baiskeli. Mama Kulwa akapita, nami bila aibu nikaanza kujitetea, kwamba ningeruhusiwa kumshika mkwe mkono tu, yote yale yasingetokea.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Baba Minza," akasema, "mila inakukataza kumshika mkweo. Kwenda gereji haikukatazi."